Rangi ya Nguo Juu ya Ukoka

Bi Rukia alizishusha ndoo mbili kutoka nyuma ya gari, akazitua kando ya uwanja, akapangusa mikono. "Mzee Sele," akasema, "chukua bomba lako la dawa. Nataka uwanja huu uwe kijani kabla ya Ijumaa."

Nilikuwa nimesimama katikati ya nyasi na reki mkononi. Nilijua kwamba nyasi zile hazijafa. Zilikuwa zimelala kwa baridi, na kwa chini zilikuwa zimeshaanza kuamka. Nilijua pia kilichokuwamo ndani ya ndoo, maana harufu yake ilikuwa ileile ya marobota ya jinzi aliyokuwa akiyaleta kutoka viwanda vya Xintang, huko Uchina. Ilikuwa rangi ya kutilia nguo. Kazi ya nyasi nilikuwa nimeifanya tangu ndevu hazijaniota, na katika nyumba ile yote hapakuwa na mtu aliyestahili kusema hapana zaidi yangu mimi.

Nikasema, "Sawa, Bi Rukia."

Ninyi vijana mnaopanda ukoka kwenye nyumba mpya hapa Ukunda huja barazani kwangu kuniuliza mambo ya mbolea, mashine, na wadudu. Nawajibu, mnacheka, mnaondoka. Juzi mmoja wenu akaniuliza ni kosa gani kubwa nililowahi kulifanya kazini. Nikamwambia niliwahi kuotesha nyasi juu ya bomba la maji machafu. Kweli niliwahi, lakini silo hilo. Kosa lenyewe ni hizo ndoo mbili, na leo nitalisema lote.

Shule niliishia kidato cha nne. Hoteli moja ya Diani ikaniajiri kumwagilia maji, nikapanda hadi nikawa msimamizi wa uwanja mzima wa mbele, ule ambao wageni huukanyaga wakienda pwani. Mke wangu alifariki nikiwa bado huko, akaniachia mtoto mmoja, Bakari, ambaye sote tunamwita Beka. Beka alikuwa na kichwa chepesi. Alipopata ufadhili wa nusu ya karo kwenda kusoma Guangzhou, nilibaki na nyumba tupu. Ndipo Bi Rukia, binamu wa marehemu mke wangu, aliponipigia simu kutoka hukohuko. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo na alikuwa amepanga nyumba kubwa nje kidogo ya mji, kwenye mtaa wenye geti na walinzi, na wafanyabiashara wa kwetu walikuwa wakilala na kula pale wanapokuja kununua mali. Nyumba ilikuwa na uwanja wa nyasi mbele. "Uwanja unanifia," akaniambia. "Na mwanao yuko huku. Unangoja nini?"

Nikaenda. Miaka ile mji ule ulikuwa ukijengwa kana kwamba kesho hakuna ardhi tena. Ukilala mtaa umezungukwa na mashamba ya mboga, ukiamka unakuta winchi tatu. Kila nyumba mpya ya tajiri ilitaka nyasi, na kila tajiri alizitaka jana.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, maana hili lina faida kwenu. Huku kwetu pwani ukoka haulali. Ukikosa maji unakunja uso, ukinyeshewa unacheka. Guangzhou kuna baridi. Si ya barafu, lakini inatosha kuzifanya nyasi zigeuke rangi ya mkeka uliochakaa na kukaa hivyo mpaka joto lirudi. Mimi sikulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa pili, zikaja siku chache za jua zuri. Nikasema, haya, masika ndiyo haya. Nikazikata fupi, nikazimwagia mbolea ya urea kama mtu anayetia sukari kwenye chai ya mgeni. Zikachipua laini, kijani cha kupendeza. Nikampigia Beka simu chuoni nikijisifu. Halafu baridi ikarudi. Asubuhi moja chipukizi zote zilikuwa nyeusi na zimelala, utadhani zimemwagiwa maji ya moto.

Nilikuwa nimechuchumaa nikizitazama niliposikia mtu akicheka nyuma yangu. Alikuwa mzee Mchina mwenye kofia ya majani, amefunga suruali kiunoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Huyo ndiye Liang, mtunza bustani wa mtaa mzima, aliyeajiriwa na wasimamizi wa mtaa. Vijana wa pale walimwita Liang Suk, yaani baba mdogo Liang, nami nikamwita hivyo ingawa tulikuwa karibu rika moja. Mimi aliniita Asu, namna yao ya kulifupisha jina langu.

Lugha yetu ilikuwa ya kuchekesha. Alikuwa na maneno machache ya Kiswahili aliyoyaokota kwa wageni wa Bi Rukia, mimi nina Kichina cha sokoni, na baina yetu kulikuwa na Kiingereza ambacho Mwingereza asingekitambua. Nikiwasimulia maneno yake nayanyoosha, ili msipate tabu.

Siku ile alinionyesha kiganja, akakibandika juu ya udongo, akanivuta mkono nami nikabandika. Udongo ulikuwa baridi kama tumbo la samaki. Akaelekeza kidole juu kwenye jua, akasema, "Huyu mwongo." Kisha akaupiga udongo. "Huyu hadanganyi. Mwulize huyu."

Hilo ndilo somo la kwanza la nyasi wakati wa masika, na ndilo bora. Msiangalie jua, wala msiwaangalie majirani. Wekeni kiganja chini asubuhi, kabla jua halijapanda. Udongo ukiwa bado baridi, msikate fupi na msitie mbolea. Kwangueni kwa reki yale makapi makavu yaliyojikusanya kati ya mashina na udongo, maana ukungu hulala humo. Kisha ngojeni. Udongo ukipata joto usiku na mchana, hapo toboeni kwa uma wa bustani, pigeni mashimo mengi, mwageni mchanga safi wa mto uliochekechwa, kidogo tu, ncha za majani zibaki zikichungulia. Mbolea ije mwisho, na iwe haba. Majani msiyakate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Maji yamwagwe asubuhi, abadani yasimwagwe jioni, na hasa katika mji kama ule, ambako masika kuta za nyumba hutoa jasho, sakafu inateleza, na shati ulilolifua Jumatatu unalivaa Ijumaa likiwa bado na unyevu.

Unyevu huo mwukumbuke. Nitaurudia.

Kulikuwa na nyenje wa ardhini, wale wachimbao. Wanakata mizizi kwa chini, wewe unaona juu nyasi zinanyauka na unaongeza maji bure. Liang Suk alikuwa akimimina maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye baka lililonyauka, anakaa pembeni anavuta sigara. Baada ya muda nyenje wanatoka mmojammoja, wamekasirika. "Wapangaji hawa hawalipi kodi," anasema, anawaokota na kuwapelekea kuku wa mlinzi. Mimi huko Diani nilikuwa nikimwaga sumu uwanja mzima kwa ajili ya wadudu ambao pengine hawakuwapo. Ninyi jaribuni sabuni kwanza.

Kuna jambo jingine alilonifanyia, na sina budi kulieleza kabla ya mengine. Mwaka wa pili nilikuwa nikikata ukanda wa nyasi ulio nje ya uzio wetu, ambao kwa haki ulikuwa mali ya mtaa. Petroli ikaniishia. Kwa uvivu sikuipeleka mashine barabarani, nikaijaza palepale, nikamwaga. Msithubutu. Petroli ikimwagika kwenye nyasi inaua hadi mizizi. Baada ya wiki palikuwa na baka la hudhurungi lenye umbo la kobe, njiani kabisa ambako meneja wa mtaa hupita. Meneja alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya kisigino na rejista ya faini. Alikuja na Liang Suk, akauliza baka lile limetoka wapi. Nikafungua mdomo. Liang Suk akanitangulia. Akasema ni yeye, ndoo yake ya chokaa ilipasuka. Meneja akamkemea mbele yangu kama mtoto, yeye akiitikia kwa kichwa tu. Alipoondoka nikamwuliza kwa nini amefanya vile.

"Wewe akikukasirikia atakutoa nje ya geti," akasema. "Mimi akinikasirikia atanikemea. Kukemewa nimezoea, nina mke."

Tukacheka. Siku iliyofuata akaniletea vipande vya nyasi kutoka kitalu chake nyuma ya nyumba ya pampu, alikokuwa akiishi, tukaziba lile baka pamoja. Nyasi za kule zenyewe ni nyembamba na laini kuliko ukoka wetu, zinajaa kama nywele za mtoto mchanga. Ukizitunza zinakaa miaka.

Beka alikuwa akija mwisho wa wiki. Kichina chake kilikuwa kimenyooka, na Liang Suk alimpenda kwa kuwa hatimaye alipata mtu wa kumpigia hadithi bila kutumia mikono. Walikuwa wakicheza bao la Kichina kwenye ngazi za nyumba ya pampu, na Liang Suk alikuwa akimwibia wazi kabisa. Beka akilalamika, mzee anajibu, "Umesoma chuo kikuu na bado unaibiwa na mkata nyasi? Mrudishie baba yako karo." Mara nyingi niliwakuta wanacheka kabla sijafika. Nilifurahi, na kidogo niliona wivu.

Sasa nakuja kwenye ndoo.

Beka alipata mchumba palepale Guangzhou. Salma, binti wa Mombasa, alikuwa akisomea udaktari. Baba yake, Mzee Twalib, alikuwa akija Guangzhou kila yanapofanyika maonyesho makubwa ya biashara kule Pazhou, mara mbili kwa mwaka, kununua mabomba na vigae. Alikuwa mtu wa dini na mtu wa watu, lakini maneno yake yalikuwa na makali. Tulipokwenda kuposa alinitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Mimi kijana simjui, na sitajidai namjua. Mtoto humjua kwa baba yake. Wewe kazi yako nini?"

Nikasema, "Natunza nyasi."

"Haya," akasema. "Tutaziona hizo nyasi."

Akakubali posa. Kwa kuwa alikuwa anakuja maonyesho ya masika, ikakatwa shauri nikahi ifungwe Ijumaa baada ya sala, katika uwanja wa Bi Rukia, kwa kuwa ndani wasingetosha watu. Bi Rukia alifurahi kupita kiasi. Miongoni mwa wageni walikuwamo wafanyabiashara aliotaka wamjue, na hata bosi mmoja wa kiwanda cha Xintang.

Mwaka ule baridi ilichelewa kutoka. Zilikuwa zimebaki siku chache, na uwanja ulikuwa bado na rangi ya mkate. Nilikuwa nimeshaukwangua na kuutoboa. Nilichongoja ni joto tu. Bi Rukia akawa anatoka barazani kila asubuhi, anashika kiuno. "Mzee Sele, hawa watu watakaa juu ya makuti?" Nikamwambia azidi kusubiri. Lakini usiku nilikuwa nikilisikia lile neno la Mzee Twalib, tutaziona hizo nyasi, na moyo ukanitoka kwenye udongo, ukaenda kwenye macho ya watu.

Ndipo ndoo zikaja. Bosi wa Xintang ndiye aliyempa. Alimwambia Bi Rukia kwamba kuna watu mjini wanaopulizia nyasi rangi, na kwamba rangi yake ni nzuri, haichuji. Hakusema uongo.

Nilikuwa nimemaliza nusu ya uwanja Liang Suk alipopita na toroli. Akasimama.

"Asu, nyasi zinaumwa?"

"Haziumwi."

"Mbona unazipa dawa?"

Nikaendelea kupulizia. Akainama, akasugua jani kati ya vidole, akavitazama. Vilikuwa kijani hadi kwenye kucha. Akacheka mpaka akakohoa. "Umri wako wote umetunza nyasi, leo umekuwa fundi wa kupaka kuta."

"Ni ya siku moja tu, Liang Suk. Ya harusi ya Beka."

Akaacha kucheka. Akatazama ukuta wa nyumba ambao ulikuwa ukitiririka jasho. "Hewa hii haikaushi soksi," akasema. "Itakausha rangi? Na nyinyi watu wa kwenu mkiwa na shughuli mnakaa chini. Washa mpira, ioshe sasa hivi kabla haijashika. Kiganja nimeshaweka leo. Udongo umeanza joto. Mwache mtoto aoe juu ya nyasi za manjano, ataoa tu."

"Tutatandika mikeka," nikasema, nikainua bomba.

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, nayo nikaiacha ikapita. Liang Suk akashika toroli lake. Kabla ya kuondoka akauliza saa ya harusi, maana Beka alikuwa amemwalika. Nikamwambia.

Alhamisi ilinyesha manyunyu. Nilichungulia dirishani nikaona uwanja bado ni kijani, nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo sikupaswa kumtaja.

Ijumaa watu wakaja kutoka msikitini. Nawaambia kweli, ule uwanja ulikuwa unang'aa. Tulitandika mikeka ya ukili ambayo Bi Rukia aliiagiza kutoka nyumbani. Mzee Twalib akavua viatu, akapita taratibu kandokando, akarudi kwangu, akanishika mkono mbele ya watu. "Mkwe," akasema, "nakuomba radhi. Siku ile nilikupima vibaya. Mtu anayetunza hivi kitu kisichosema, sina shaka amemtunza na mwanawe."

Nikasema, "Alhamdulillahi." Sikuwa na aibu wakati ule. Nawaambia ili mjue mtu anavyoweza kuwa. Nilifurahi.

Wakakaa. Beka alikuwa na kanzu nyeupe niliyomnunulia mimi, akapiga magoti mbele ya Mzee Twalib, wakashikana mikono, shekhe akasoma hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu na nzuri. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka chini kupitia matundu ya ukili, polepole, na hakuna aliyeuona kwa kuwa wote walikuwa wamekalia. Beka akasema nimekubali, wanawake wakapiga vigelegele barazani, watu wakainuka kukumbatiana.

Wa kwanza kuonekana alikuwa shekhe mwenyewe. Kanzu yake nyuma ilikuwa na alama ya mkeka, mistari kwa mistari, kijani. Halafu Mzee Twalib magotini. Halafu Beka. Halafu wote. Rangi ya nguo ilikuwa imepata nguo. Mtu mmoja akaanza kucheka, mwingine akafuta kwa mkono, ikaenea. Mzee Twalib akatazama magoti yake, akatazama kiganja chake, akanitazama mimi.

Pengine ingeishia kuwa kichekesho. Hata leo naamini kama ningetamka pale, "Mkwe, nilipaka rangi kwa kukuogopa wewe," angeweza kucheka. Lakini wakati huohuo geti likafunguka, akaingia meneja wa mtaa na walinzi wawili. Manyunyu ya Alhamisi yalikuwa yameipeleka rangi kwenye mfereji, na mfereji ukaipeleka kwenye kidimbwi cha samaki wekundu cha mtaa, kilichokuwa fahari yake. Samaki walikuwa wakielea. Walinzi walikuwa wameufuata mstari wa kijani hadi kwenye uzio wetu. Meneja akauliza kwa sauti ya juu ni nani aliyefanya haya.

Wageni wengi hawakumwelewa, lakini sauti ile haihitaji tafsiri. Wote wakanigeukia. Bi Rukia alikuwa amesimama barazani na sinia la halua. Akainamisha macho kwenye lile sinia. Nilimwelewa: mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina lake. Akifukuzwa yeye, na mimi naondoka nchini.

Na mlangoni, nyuma ya walinzi, alikuwa amesimama Liang Suk. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, amenyoa, na mkononi ana bahasha nyekundu ya pesa wanayowapa maharusi. Nilikuwa sijawahi kumwona bila ile kofia. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache.

Nikamwambia Beka, "Mwambie ni Liang."

Beka hakuelewa. "Baba?"

"Mwambie ni mtunza bustani wao. Ndiye aliyepulizia."

"Baba, Liang Suk yuko pale."

"Mkwe wako anakutazama, Beka. Mwambie."

Beka alinitazama. Alikuwa mume wa mtu kwa dakika chache tu, amezungukwa na watu wazima, na katika malezi niliyompa mimi, mtoto hambishii baba yake mbele ya watu, seuze siku ya nikahi yake. Nililijua hilo. Nililitegemea. Akamgeukia meneja akasema yale maneno kwa Kichina, vizuri, kwa sauti ndogo. Huko kote nilikomsomesha, na hivyo ndivyo nilivyoutumia ulimi wake.

Meneja akamgeukia Liang Suk, akasema naye kwa ukali. Nilingoja akane. Kusema kweli nilitamani akane, ili nishikwe na yaishe. Hakunitazama hata mara moja. Alimtazama Beka, kwa muda, kama mtu anayeuliza swali. Beka akainamisha kichwa. Basi Liang Suk akavua viatu, akaukanyaga ule uwanja, akaja akampa Beka bahasha kwa mikono miwili kama wafanyavyo kwao, akasema neno moja la kumtakia heri. Akarudi akavaa viatu na kuwafuata walinzi. Nyayo za soksi zake zilikuwa kijani.

Mzee Twalib akanipiga bega. "Pole, mkwe. Wafanyakazi wa siku hizi."

Kesho yake asubuhi Beka alikwenda peke yake kwa meneja akasema kweli yote. Hakuniaga. Meneja akamwambia jambo limeshakwisha, mzee amefukuzwa na ameshaondoka na mizigo yake kwenda kijijini kwake, na jina la kijiji hawakuliandika. Mkewe, yule aliyekuwa akimkemea, alikuwa ameondoka naye. Beka akaenda nyumba ya pampu. Kitalu kilikuwa kimeng'olewa. Bao lilikuwa bado liko kwenye ngazi, akalichukua.

Aliporudi nilikuwa nikikata zile nyasi zilizopakwa, nikizikusanya kwenye magunia. Nilingoja anigombeze. Alisimama uani, akasema, "Baba, umekula?" Nikasema nimekula. Akaingia ndani.

Joto lilikuja wiki ileile, kama Liang Suk alivyosema. Chini ya majani niliyoyakata nyasi zilichipua zenyewe, nzito, kijani cha kweli. Uwanja haukuwahi kupendeza kama mwaka ule. Wageni wa Bi Rukia walikuwa wakiusifu, nami nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba wasije wakaniona uso.

Nilikaa kule miaka mingine, nikarudi nyumbani. Kila nilipopita soko la maua niliwaulizia wakata nyasi wazee habari za Liang. Wengi wanaitwa Liang.

Beka naye amerudi, na hali yake ni nzuri. Mniulizapo kwa nini mzee aliyekaa na nyasi maisha yake yote ana uwanja wa mchanga mtupu, sababu ndiyo hii: sina hamu. Na mnaponiambia mmepata kazi ya kupanda ukoka kwenye ile nyumba kubwa nyeupe ya karibu na barabara ya Diani, yenye ua wa michongoma, mmeshaniambia mara kadhaa bila kujua kwamba nyumba ile ni ya mwanangu. Hakuniita nimpandie. Alitangaza kazi, akachagua ninyi. Nawasihi mmpandie vizuri. Uwanja wake una mwinamo upande wa magharibi, maji yatatuama. Mwekeeni mchanga zaidi huko. Msimwambie ni mimi niliyewaelekeza, kwa kuwa akisikia ni mimi atamwuliza mtu mwingine kwanza kama ni kweli.

Heshima hajaninyima. Kila Idi huja na watoto, wananibusu mkono, ananiletea dawa za presha, ananiuliza kama nimekula. Lile bao la Kichina liko sebuleni kwake, na huwafundisha watoto kucheza. Mimi hajawahi kuniomba nicheze. Wala hajaniomba ushauri, wala hajaniachia neno la kumfikishia mtu, wala hajanisimamisha shahidi wa jambo lolote tangu Ijumaa ile.

Liang Suk alipoteza kazi na nyumba kwa ajili yangu. Mimi sikupoteza kazi, wala nyumba, wala jina mbele ya mkwe. Nilimpoteza Beka. Ana miaka mingi ananisalimia, na hakuna neno langu hata moja analoliamini, na mtoto mwingine sina.